Namba Moja na Tarehe Yake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi,
Serikali ya Jamhuri ya Uganda,
Kampala.

YAH: OMBI DOGO KUHUSU NAMBA ZILIZO NDANI YA DUARA JEKUNDU

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima naomba ruhusa ya kukuandikia. Najua meza yako imejaa madaraja yaliyosombwa na mvua, wakandarasi wanaodai malipo yao na wabunge wanaotaka lami ifike mlangoni kwao kabla ya kura. Katikati ya hayo yote anatokea mtu wa Bwizibwera, asiye na cheo wala gari, anabisha hodi kwa ajili ya namba za vibao vya barabarani. Ukiona ni utovu wa adabu, radhi nimekwisha kuomba, na radhi nyingine nimeziweka akiba maana barua ni ndefu.

Naandika kwa Kiswahili, na hilo nalo lisije likahesabiwa kuwa ujeuri. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Huku kwetu Ankole ni lugha ya askari na ya wakimbizi. Mimi nimekipata upande wa pili, kambini Nakivale, ambako Wakongo hukitumia sokoni, kanisani na kwenye foleni ya mgao. Wizara yako imezoea kuongozwa na watu walioijua sauti ya parade, kwa hiyo sina wasiwasi kwamba tutaelewana.

Niruhusu nijitambulishe kwa kazi yangu, isiyo na mshahara. Mimi ni mmoja wa wachoraji wa OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na yeyote anaweza kuitumia bila malipo. Wenzangu huchora nyumba, visima na njia za mguu. Mimi nimejikuta kwenye vikomo vya mwendo, na ndani ya vikomo hivyo nimependa zaidi vile vya treni za kasi, za nchi ambazo sijazikanyaga. Ucheke tu, Mheshimiwa. Jirani zangu wamekutangulia. Wanauliza mtu wa Bwizibwera, mahali ambapo hakuna hata msumari wa reli, anatafuta nini kwenye kasi ya treni ya Japani.

Natafuta mfano wa kazi iliyofanywa vizuri. Kuna ramani iitwayo OpenRailwayMap, inayotumia data zetu hizo hizo, na ukiifungua kwa mpangilio wa kasi utaona reli za dunia zimepakwa rangi kufuatana na mwendo unaoruhusiwa. Kila rangi pale imetoka kwenye namba, na kila namba iliwekwa na mtu. Chukua njia ya Tokaido, kati ya Tokyo na Osaka. Ilipofunguliwa mwaka 1964 treni ziliruhusiwa kilomita 210 kwa saa. Mwaka 1986 zikapandishwa hadi 220, mwaka 1992 hadi 270, na tangu 2015 ni 285. Hadithi nzima ya uhandisi wa nchi ile, magari kuwa mepesi, kona kuhimiliwa vizuri zaidi, breki kuboreshwa, inasomeka ndani ya namba nne na miaka minne. Ufaransa nao walifungua kipande cha kwanza cha njia ya Paris hadi Lyon mwaka 1981 kwa 260, na leo sehemu kubwa ya njia hiyo ni 300. Shirika lao la reli huweka hadharani jedwali la kasi ya juu ya kila kipande cha reli, mtu yeyote akachukua.

Wala si mara zote namba hupanda. China mwaka 2011, mwaka ule ule wa ajali ya treni ya Wenzhou, ilizishusha treni zake za 350 hadi 300, na haikuona haya kulitangaza hilo. Septemba 2017 njia ya Beijing hadi Shanghai ikaruhusiwa 350. Mchoraji aliyeko upande wa pili wa dunia aliweza kubadilisha namba kwenye ramani akiwa na uhakika, kwa sababu mabadiliko yalisemwa wazi yanaanza lini na wapi.

Naomba unisamehe kwa safari hizi za bure kwa gharama ya muda wako. Nimezileta kwa sababu moja: wenye treni wanajua kwamba kikomo kisichomfikia dereva kwa wakati ni sawa na hakuna. Tarehe 24 Julai 2013, karibu na Santiago de Compostela nchini Hispania, treni iliingia kona ya Angrois kwa kilomita 179 kwa saa. Kikomo cha kona ile kilikuwa 80. Watu wasiopungua 79 walikufa. Kikomo kilikuwepo, kimeandikwa, dereva alipaswa kukijua. Lakini aliachiwa akikumbuke mwenyewe, na wakati huo alikuwa akiongea kwa simu na mfanyakazi mwenzake wa treni. Baada ya msiba ndipo vikafungwa vifaa relini vya kuilazimisha treni ipunguze mwendo kabla ya kona.

Sasa, kwa unyenyekevu, nirudi nyumbani.

Kikomo cha mwendo, Mheshimiwa, machoni pa mkubwa ni namba. Machoni pa mchora ramani ni namba yenye watoto wengi. Kinaanzia wapi hasa? Kinakomea wapi? Kinamhusu dereva anayetoka Mbarara tu, au na yule anayeshuka kutoka Ibanda? Kinahusu gari dogo, basi, au lori? Kimeanza kutumika siku gani? Kwenye ramani yetu barabara ni mstari, na pale penye kibao tunaukata mstari ule vipande viwili, kila kipande kikapewa namba yake. Kibao cha anayeingia mjini hakikai lazima mkabala na kile cha anayetoka, kwa hiyo mara nyingine tunaandika namba mbili kwa kipande kimoja, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi. Kibao cha kuanza mara nyingi kipo. Kibao cha kumaliza ndicho kinachotutoa jasho, maana kisipokuwepo hatujui dereva arudie 80 kwenye nyumba ya mwisho, kwenye daraja, au akiona ng'ombe wa kwanza.

Kuna sheria zetu pia, ambazo huenda zikakufurahisha kwa ukali wake. Haturuhusiwi kunakili kutoka ramani nyingine, hata kama iko sahihi, kwa sababu ni mali ya wenyewe. Haturuhusiwi kukisia. Tunaandika kile tulichokiona kwa macho barabarani, au kile kilicho kwenye hati ya serikali tuliyoruhusiwa kuitumia, na tunataja ni kipi kati ya hivyo viwili. Kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya, siku na saa. Mtu akibadilisha 80 kuwa 50 leo, miaka kumi ijayo utaweza kuona kwamba ilikuwa 80, nani aliishusha na alitoa sababu gani. Nathubutu kusema, kwa sauti ya chini, kwamba kuna ofisi za umma ambazo hazina kumbukumbu ya namna hiyo.

Tuseme sasa kibao cha chuma kimeng'olewa usiku kikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, jambo ambalo nchi hii inalijua. Asubuhi mchoraji anapita na simu yake, hakuna kibao. Sheria haijabadilika, lakini barabara imenyamaza. Aandike nini? Akifuta namba, anamwambia dereva kwamba hapana kikomo. Akiiacha, anatetea kibao ambacho hakipo. Kwa desturi yetu tunapendelea kile kilichopo chini ardhini, na hapo ndipo tunapohitaji karatasi yako ituokoe. Karatasi haiibwi na mwenye nyundo.

Nakuomba usidhani kwamba napinga vikomo. Naviunga mkono kuliko wengi wa wanaokupigia makofi mkutanoni. Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilitaka kilomita 30 kwa saa pale ambapo watembea kwa miguu na waendesha baiskeli wanachanganyika na magari, na serikali yetu ilipoleta 30 karibu na shule, hospitali na mahali penye msongamano wa watu, ilifanya jambo la haki. Mtoto anayevuka lami kwenda shule hana bodi ya chuma ya kumkinga. Tatizo lilitokea Juni 2025, mtambo wa faini za kielektroniki ulipoanza kutuma ujumbe kwenye simu za watu: shilingi 200,000 kwa aliyezidisha mwendo hadi kilomita 30 juu ya kikomo, 600,000 kwa aliyepita hapo. Nchi ililia. Madereva walisema hawakuona vibao, wengine kwamba hawakujua barabara waliyoizoea miaka yote imekuwa ya 30. Haukupita mwezi, serikali ikausimamisha mtambo ili upitiwe upya.

Wengi waliandika kwamba kosa lilikuwa ukubwa wa faini. Mimi, kwa heshima zote, naona lilikuwa kwingine. Mtambo ulijua kikomo cha kila mahali ilipofungwa kamera. Bila hivyo usingeweza kumtoza mtu. Maana yake jedwali lilikuwepo mahali fulani, namba na mahali vikiwa vimepangwa vizuri kabisa, tayari kusomwa na mashine. Kamera iliambiwa. Dereva hakuambiwa kwa namna ile ile. Jedwali hilo hilo lingewekwa hadharani mwezi mmoja kabla, wachoraji wa Mbarara, Kampala na Gulu tungeliingiza kwenye ramani usiku na mchana, na simu ya dereva ingemlilia kabla ya kamera kumpiga picha. Serikali ingekosa faini kadhaa, nakiri. Lakini sidhani kama mheshimiwa yeyote alikuwa akizitegemea.

Hapa Bwizibwera jambo hili lina uzito wake. Mbarara ilipokuwa jiji Julai 2020, wilaya iliyobaki ilihitaji makao yake, na ikaamuliwa yawe hapa. Mahali palipokuwa kituo cha biashara kandokando ya barabara ya Ibanda panajengwa kuwa makao makuu ya wilaya. Tuna Kituo cha Afya cha daraja la nne, mama wajawazito wanashuka kwenye boda mbele yake, na maduka yanasogea kila mwaka karibu zaidi na lami. Kikomo kilichofaa wakati pale palikuwa na vibanda vichache hakiwezi kufaa leo. Kitabadilishwa, kama hakijabadilishwa. Ombi langu ni kwamba siku kitakapobadilishwa ijulikane ni siku gani.

Na Nakivale, Mheshimiwa, ambayo ni kambi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, iko Isingiro, mbali kidogo na lami ya kwenda Kikagati. Ukiwa Base Camp, Juru au Rubondo, unatembea kwenye vumbi jekundu au tope jekundu, kutegemea mwezi. Huko sikuombi vibao. Lori la chakula linaongozwa na mashimo, na mashimo hayana upendeleo. Lakini kuna jambo lisiloonekana. Programu za kutafuta njia, zile zinazokwambia utafika baada ya dakika ngapi, zikikuta barabara isiyo na namba ya kasi huwa zinakisia kufuatana na daraja la barabara. Barabara imeandikwa kuwa kubwa, programu inadhani gari litakimbia. Anayepanga gari la wagonjwa litoke Nakivale kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mbarara anapewa muda ambao hakuna dereva hai anayeweza kuutimiza. Kwa hiyo hata pale ambapo kikomo cha sheria hakiandikwi, taarifa ya Wizara kuhusu hali ya barabara, imekwanguliwa lini, imefungwa lini kwa mafuriko, ingetuwezesha kusema ukweli kwenye ramani.

Nafika sasa kwenye treni, na hapa naomba kiti, maana nimesimama kwa muda mrefu.

Oktoba 2024 serikali ilitia saini na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya umeme kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272, na mwezi uliofuata Rais akazindua kazi. Ni kampuni ile ile iliyojenga kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro, ambako treni za abiria zilianza Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi wa Julai. Reli ya Tanzania imejengwa kwa kilomita 160 kwa saa, ya Kenya iliyoanza 2017 ni 120 kwa abiria, na yetu imepangiwa 120. Kwa vipimo vya dunia hakuna hata moja kati ya hizo iliyo treni ya kasi kubwa. Kwenye bara letu anayestahili jina hilo ni Al Boraq wa Morocco, anayekimbia 320 tangu 2018. Lakini tusiombe mvua ya mawe kabla ya manyunyu. Mwenye kumbukumbu za zamani atakwambia kwamba reli ya magharibi ilifika Kasese mwaka 1956, na leo kwenye ramani yetu sehemu kubwa ya mstari ule tumeiandika kwa lebo ya reli isiyotumika. Mipango ya reli mpya inautaja upande huo wa magharibi pia, kupitia Bihanga, hadi Mpondwe na Mirama Hills. Ikifika, nitakuwa mtu wa kwanza kuichora.

Treni ya kilomita 120 haitakwenda 120 kila mahali. Itapunguza kwenye kona, kwenye daraja, stesheni, na mahali ambapo mvua imelegeza tuta. Vikomo vingine vitakuwa vya kudumu, vingine vya wiki mbili. Wahandisi watakuwa navyo vyote kwenye vitabu vyao, kwa kuwa bila hivyo treni haiendi. Nakuomba, kwa magoti yote mawili, kwamba vile vya kudumu viwekwe wazi tangu siku ya kwanza, ili tusije tukalazimika kupanda treni na kupima kwa simu kila mmoja akiwa amebana dirishani. Wachoraji wa nchi nyingine wamefanya hivyo. Inawezekana, ila si heshima kwa reli ya mabilioni.

Haya ndiyo ninayoyaomba, na nimeyapunguza kadiri nilivyoweza. Kwanza jedwali moja la umma: jina la barabara, mahali kikomo kinapoanza na kinapokoma, namba, aina ya magari, tarehe ya kuanza kutumika, na toleo la Gazeti la Serikali lililokitangaza. Mamlaka ya Barabara ilipovunjwa na kazi zake kurudi wizarani kwako, ninaamini kumbukumbu zake zilirudi pia, kwa hiyo sehemu ya jedwali hilo huenda tayari imo kwenye kabati lako. La pili ni sentensi moja tu yenye saini, inayosema kwamba taarifa hizo zinaweza kutumiwa na kusambazwa na yeyote, ikiwemo ramani huria. Bila sentensi hiyo, hata ukiziweka mtandaoni tutazitazama bila kuzigusa. Na mwisho, kila namba inapobadilika, ile ya zamani isifutwe; iwekwe kando na tarehe yake, ili dereva aliyetozwa faini mwezi uliopita aweze kujua siku ile kikomo kilikuwa nini. Ramani yetu si hati ya mahakama, na hatujidai kuwa hivyo. Jedwali lako linaweza kuwa.

Gharama yake, kwa makadirio ya mtu asiye na kiti serikalini, ni mtumishi mmoja mwenye kompyuta na ruhusa ya kubonyeza kitufe. Haihitaji mkandarasi, zabuni, wala kukata utepe, na hapo ndipo nina hofu kidogo kwamba haitapata mtetezi.

Nikiwa nimekuchosha, nalaumu karatasi. Ukitaka jibu fupi, Mheshimiwa, chagua kipande kimoja cha barabara, hata hiki cha Mbarara hadi Ibanda kinachopita mbele ya kituo cha afya, utoe hadharani vikomo vyake vyote na tarehe zake. Siku hiyo hiyo kitakuwa kwenye ramani.

Wako mtiifu katika vibao na reli,

Mchora ramani,
Bwizibwera, Mbarara.